Bibi Shamba Anajibu: Maua ya Asili Katika Bustani za Dodoma

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi kuhusu maua ya asili yanayoota yenyewe kwenye vilima, mbuga na kando ya barabara za Kanda ya Kati, tukawaomba wasomaji wanaotaka kuyaingiza katika bustani zao watuandikie. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa watu wengi, pamoja na mbili tatu ambazo zilitufurahisha tu.

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Mwezi Machi nilinunua pakiti za mbegu zilizoandikwa kuwa ni mchanganyiko wa maua ya porini. Nililima sehemu ya uani, nikatia samadi ya ng'ombe ya kutosha, nikamwaga mbegu na kumwagilia asubuhi na jioni. Kilichoota ni ndago, mashona nguo na nyasi, pamoja na maua machache ya manjano yaliyokauka kabla ya Juni. Je, mbegu zilikuwa mbovu, au udongo wa Ipagala hauyapendi maua haya?
*Msomaji, Ipagala, Dodoma*

JIBU: Marahaba. Mbegu huenda zilikuwa nzima, na udongo wa Ipagala hauna kosa lolote. Kila ua la porini lina pori lake, na pakiti nyingi za namna hiyo hujazwa mbegu za maua ya Ulaya na Marekani, ambayo baadhi yake huhitaji baridi ili yaote na mengine, kama kosmosi na zinia ambazo asili yake ni Meksiko, huota huku bila shida lakini si maua ya kwetu. Simkatazi mtu kuyapanda. Hata mwarobaini, ambao mkazi wa Dodoma atakuapia kuwa ulipandwa na babu wa babu yake, ulitoka bara Hindi. Ila anayetaka maua yatakayojiendesha yenyewe kwa mvua ya Dodoma na aanze na mimea iliyokwisha kuizoea mvua hiyo.

Mvua yenyewe ni ya msimu mmoja, kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mimea ya asili ya mwaka mmoja imejipanga kwa ratiba hiyo: huota na mvua za kwanza, huchanua Februari na Machi, huangusha mbegu Aprili na Mei, kisha hukauka na kuiachia mbegu kazi ya kusubiri ardhini. Wewe ulipanda Machi, wakati wenzako wa porini walikuwa wanafunga hesabu.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni samadi. Najua nitawaudhi wengi, kwa sababu sisi mabibi na mabwana shamba tumewahubiria samadi miaka yote, na kwa mahindi na mchicha bado tunaihubiri. Maua ya porini yamezoea udongo mwembamba. Ukiurutubisha, wanaonufaika ni ndago na nyasi zenye pupa, ambazo hurefuka haraka na kuyanyima maua mwanga. Zaidi ya hayo, samadi isiyooza vizuri huja na mbegu za nyasi zote ambazo ng'ombe alizila njiani. Kumwagilia asubuhi na jioni kuliyakamilisha hayo, maana magugu ndiyo yanayopenda udongo wa juu uwe na unyevu kila saa.

Msimu ujao fanya hivi. Mwanzoni mwa Novemba, safisha eneo dogo, si uwanja mzima, uondoe visiki vya nyasi na hasa viazi vya ndago hadi chini. Lowanisha udongo kwa maji ya kutosha, kisha uache. Baada ya wiki mbili hivi magugu yaliyokuwa yamelala juu juu yataota. Yapalilie kwa jembe kwa kukwaruza tu, bila kukatua kwa kina, kwa sababu kila unapogeuza udongo unaleta juu mbegu nyingine za magugu zilizokuwa zimezikwa. Ukipata nafasi ya kurudia zoezi hilo mara ya pili, palizi ya Januari itapungua sana. Wazee wa huku walikuwa na kilimo cha kuberega, yaani kupanda bila kulima, na ingawa wataalamu wa mazao wamekilaumu kwa sababu zao, kwa maua haya kinafaa, mradi uache ile desturi yake ya kuchoma moto.

Mwishoni mwa Novemba, kabla mvua haijaanza, changanya mbegu na mchanga mkavu mara nne au tano ya ujazo wake ili uweze kuzitawanya kwa usawa. Gramu 3 hadi 5 za mbegu kwa mita moja ya mraba zinatosha, na anayemwaga zaidi ya hapo anailisha miche kwa miche wenzake. Tembeza reki kidogo, kanyaga kwa ubao au kwa miguu mitupu ili mbegu ishikane na udongo, na usiifukie kwa kina kinachozidi mara mbili ya unene wake. Ukiona sisimizi wanabeba mbegu, usishtuke, kwa kuwa nyingine huziangusha na kuzipanda kwa ajili yako.

Kuhusu aina za kuanzia, nashauri maua ya mwaka mmoja yasiyo na makuu: mlenda wa porini, wenye maua ya zambarau au waridi yanayoning'inia kama kengele, mgagani, ambao watu hula majani yake bila hata kuliangalia ua lake jeupe, na jamii ya marejea, yenye maua ya manjano na maganda yanayolia yakikauka. Mbegu za mgagani zilizovunwa karibuni hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota, kwa hiyo zilizovunwa Mei ndizo za kupanda Novemba. Mbegu za marejea zina ganda gumu. Zisugue kidogo na mchanga mkavu mikononi, au zimwagie maji ya moto na kuziacha zilowe usiku kucha, zitaota kwa pamoja badala ya kuota moja moja kwa miaka mitatu.

Jambo la mwisho kwako, na ndilo linalosahauliwa sana: panda mbegu chache za kila aina kwenye kopo lenye mchanga safi, uliandike jina, na uliweke barazani. Miche ya maua ya asili haijulikani kwa watu wengi, na bustani nyingi za namna hii huuawa mwezi Januari na mwenye bustani mwenyewe, au na kijana wa kazi aliyeambiwa apalilie. Ukiwa na kopo utajua cha kung'oa na cha kuacha. Mvua ikikatika Februari, kama ilivyo kawaida yake, mwagilia mara moja kwa wiki maji mengi yanayozama chini.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa na mlezi wa klabu ya mazingira. Kwenye kilima kilicho nyuma ya shule, mvua zinapoanza, huchomoza maua mekundu ya duara kama mpira, na mengine hupanda juu ya vichaka yakiwa na rangi nyekundu na manjano kama miali ya moto. Tunataka kwenda na wanafunzi tuyang'oe pamoja na mizizi na kuyapanda mbele ya ofisi. Tuyahamishe mwezi gani?
*Mwalimu, Kongwa*

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Naomba msiyahamishe mwezi wowote, na hasa si kwa mikono ya watoto. Kwa maelezo yako, ua la duara ni Scadoxus multiflorus, na lile linalopanda ni Gloriosa superba, ambalo Zimbabwe imelifanya kuwa ua lake la taifa. Yote mawili yana sumu. Gloriosa ina kolkisini katika sehemu zake zote, nyingi zaidi ikiwa kwenye kiazi na mbegu, na kiazi hicho mtoto mwenye njaa anaweza kukidhania kuwa chakula. Mkiamua kuwa nalo shuleni, lipandwe mahali ambapo watoto wadogo hawachezi, na wafundishwe kulitambua kabla ya kufundishwa kulipenda.

Hata bila sumu, kuling'oa ua likiwa limechanua ni hasara tupu. Ua la Scadoxus hulishwa na akiba iliyowekwa kwenye tunguu wakati wa mvua za mwaka uliopita, na majani yanayofuata ndiyo yanayoweka akiba ya mwaka ujao. Ukikata mizizi katikati ya kazi hiyo, mmea hukaa mbele ya ofisi msimu mmoja ukiwa mnyonge, kisha haurudi, na kule kilimani nako mmebakiza shimo.

Wanafunzi wakiuliza kuna ubaya gani kuchimba machache, waelezeni habari za Kitulo. Uwanda ule wa Nyanda za Juu Kusini, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na moja ya sababu za wasiwasi ilikuwa uchimbaji wa viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda. Kila mchimbaji alichukua machache. Kila kiazi kilichochimbwa kilikuwa mmea mzima.

Chukueni mbegu. Ombeni kwanza idhini ya serikali ya kijiji, na kama kilima ni msitu wa hifadhi, ya Wakala wa Huduma za Misitu. Vuneni kutoka kwenye mimea mingi, kidogo kidogo, msizidishe tunda moja kati ya kumi, na kama mimea iko michache sana msivune kabisa. Matunda ya Scadoxus ni mekundu na laini. Mtu mzima aliyevaa glavu ayamenye, na mbegu zipandwe siku hizo hizo, zikiwa zimezama nusu tu katika mchanganyiko wa mchanga na mboji, kivulini. Mbegu hii haikubali kukaushwa na kuwekwa. Itachukua miaka kadhaa kuchanua, kwa hiyo kazi hii wapeni watoto wa darasa la pili au la tatu, ambao kwa bahati njema wataliona ua kabla hawajamaliza shule ya msingi.

Mbegu za aina nyingine, zile kavu, zivunwe ganda likiwa limegeuka kahawia lakini halijapasuka. Zikaushwe kivulini, si juani, zitiwe katika bahasha za kaki na kuandikwa mahali, tarehe na rangi ya ua, kisha bahasha zikae ndani ya chombo chenye mfuniko mahali pa baridi. Mifuko ya plastiki hutunza unyevu na kuleta ukungu. Majivu makavu kidogo huzuia wadudu, kama bibi zetu walivyofanya kwa kunde.

Kuhamisha mmea mzima nakubali katika hali moja: pale ambapo eneo linakwenda kuchongwa kwa ajili ya barabara au ujenzi, jambo ambalo Dodoma ya sasa inalifahamu vizuri. Hapo, kwa idhini ya mwenye ardhi, chimbeni tunguu wakati limelala, Agosti au Septemba, likiwa na udongo wake. Shubiri za asili nazo hukubali kuokolewa hivyo, lakini zisiuzwe wala kupelekwa nje ya nchi kiholela, kwa sababu aina zote za shubiri, isipokuwa ile ya kawaida ya dukani ijulikanayo kama Aloe vera, biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES.

SWALI: Habari za kazi, Bibi Shamba. Ninasimamia mandhari ya kiwanja cha ofisi huku Mtumba. Mwaka jana tuliondoa nyasi za kapeti kwenye sehemu kubwa tukapanda maua ya asili, kwa sababu maji ya boza yalikuwa yanatumaliza. Kuanzia Februari hadi Aprili kila mgeni alipiga picha. Juni ilipofika, mkuu wangu alisema panaonekana kama kiwanja kilichotelekezwa, na ametuagiza tufyeke kila kitu na kurudisha kapeti. Nimweleze nini?
*Msimamizi wa mandhari, Mtumba*

JIBU: Ndugu yangu, usianze kwa kumtetea nyuki na kipepeo, maana mkuu asiyeguswa na maua ataguswa na hesabu. Nyasi za kapeti katika joto na upepo wa Dodoma hutaka maji ya kiasi cha lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku wakati wa kiangazi. Eneo la mita za mraba 500 litameza lita 2,000 hadi 3,000 kila siku, na boza la lita 10,000 litakwisha kabla ya wiki kwisha, kuanzia Mei hadi Novemba. Mpe hesabu hiyo kwa maandishi, pamoja na bei ya boza mnayolipa ninyi.

Kisha mkubalie jambo moja, kwa sababu ana haki nalo: bustani ya maua ya asili isiyofyekwa kweli inaonekana kuwa imetelekezwa, na baada ya miaka michache inakuwa hivyo. Kufyeka ni sehemu ya utunzaji. Ubishi uwe juu ya tarehe na namna. Subirini hadi mbegu zimeiva na kuanguka, ambapo kwa Dodoma mara nyingi ni kati ya mwisho wa Mei na Juni yote; tikisa shina juu ya karatasi, na kama hakuna kinachoanguka kwa sababu maganda yako matupu, wakati umefika. Fyekeni yabaki mashina ya sentimita 10 hivi, msichimbue. Acheni mabua yalale siku mbili tatu ili mbegu zilizochelewa zidondoke, kisha yakusanyeni kwa reki na kuyaondoa, kwa kuwa mabua yaliyoachwa hurutubisha udongo na tumekwisha kuona rutuba inamfaidi nani. Msichome moto. Upepo wa Julai wa hapa si wa kuchezea, na mbegu zinazolala juu ya ardhi huungua.

Kama mkuu anapenda mifano ya ng'ambo, mwambie kwamba jimbo la Texas, Marekani, limesifika kwa maua ya asili kandokando ya barabara zake kuu, na idara ya barabara ya huko haiwaruhusu wafyekaji kuyagusa hadi yameshaangusha mbegu. Hakuna anayeziona barabara hizo kuwa zimetelekezwa.

Kinachobaki ni sura ya kiwanja kuanzia Julai hadi Novemba, na hapo ndipo nadhani mlikosea mpango wenu: mlipanda maua ya mwaka mmoja peke yake. Bustani ya Dodoma inahitaji mimea inayobeba sura yake wakati wa ukame. Pandeni mafungu ya shubiri za asili, ambazo nyingi huchanua katika miezi mikavu na kuwaleta chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda. Pandeni waridi la jangwa, yaani Adenium obesum, linalohifadhi maji katika shina lake nene na kuchanua likiwa halina jani hata moja. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wamekuwa wakiipaka kwenye mishale, hivyo wapogoaji wavae glavu. Tumieni mawe, ambayo Dodoma haijawahi kupungukiwa. Wekeni ukingo wa mita moja unaofyekwa mara kwa mara mwaka mzima kati ya maua na njia, kwa sababu jicho la mpita njia likiona ukingo ulionyooka huamini kwamba kilichomo ndani kimekusudiwa. Ukingo huo huo utawatuliza wanaoogopa nyoka, ambao kwa kawaida hufuata panya na marundo ya takataka. Na pale watu wanapokaa kupunga upepo, acheni kapeti kidogo. Hakuna sheria inayosema lazima mshinde kila kitu.

Jihadharini tu na gugu karoti, lenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vichwa vidogo vya maua meupe. Lilitoka Amerika, likatambuliwa hapa nchini mwaka 2010 huko Arusha, na husafiri na magari, mchanga wa ujenzi na matope ya matairi, mambo ambayo Mtumba inayo kwa wingi. Huleta muwasho mkali wa ngozi kwa baadhi ya watu. Ling'oeni kwa glavu kabla halijachanua, na lisiingie kwenye rundo la mboji.

SWALI: Bibi Shamba, katika shamba langu la mtama kumeota maua madogo mekundu, mazuri sana, yasiyozidi urefu wa kiganja. Naweza kukusanya mbegu zake nizipande mbele ya nyumba?
*Mkulima, Mpwapwa*

JIBU: Tafadhali sana, usifanye hivyo. Maelezo yako yanaelekea kuwa ni ya kiduha. Uzuri wake unalipiwa na mtama wako, kwa sababu mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mtama, uwele au mahindi, ikanyonya maji na chakula tangu kabla hakijachomoza juu ya ardhi. Unapoliona ua, mtama umekwisha kuumia. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa kushika.

Vikague: kama vinaota karibu na mashina ya mtama yaliyonyauka ijapokuwa mvua ipo, ving'oe vyote kabla havijaweka mbegu, uvichome mbali na shamba, na ukung'ute viatu na jembe kabla ya kwenda shamba lingine. Msimu unaofuata panda kunde au karanga sehemu hiyo, kwa sababu mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha bila kuzipa mahali pa kunyonya, na miche hiyo hufa. Vilevile usichukue mbegu za maua mengine yoyote kutoka katika shamba lenye kiduha, kwa kuwa vumbi lake litakuja nazo. Haya ndiyo maua pekee ya asili ambayo safu hii inakuomba uyachukie.

SWALI: Kiwanja changu kiko Bahi, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Masika maji husimama, kiangazi udongo hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Kila ninachopanda hufa. Nimwage kifusi?
*Msomaji, Bahi*

JIBU: Kifusi ni gharama, na udongo wa mbuga hukimeza. Tazama kinachoota mbugani bila msaada wa mtu: utaona jamii ya Crinum, yenye maua makubwa meupe yenye mistari ya waridi, inayochanua mara baada ya mvua kubwa za kwanza. Tunguu lake hukaa chini sana, ambako nyufa haziliumizi, na halijali kusimama ndani ya maji kwa wiki kadhaa. Mbegu zake ni kubwa na zenye maji, huota hata zikiwa juu ya meza, kwa hiyo zipande mara uzipatapo. Kwa maua ya mwaka mmoja inua matuta ya sentimita 30 na uyapande juu yake. Udongo ukiwa umelowa usiukanyage wala kuulima. Subiri ufikie hali ya kufinyangika bila kunata.

SWALI: Mbuzi wa majirani wanamaliza kila kitu. Kuna ua la asili ambalo mbuzi halili?
*Msomaji, Kondoa*

JIBU: Yapo yanayomkera, kama shubiri na mimea yenye utomvu mkali, lakini mbuzi mwenye njaa mwezi Oktoba hasomi magazeti. Jengeni uzio. Minyaa ndiyo uzio wa kale wa Kanda ya Kati, huota kwa kipande cha tawi na haihitaji maji, ila utomvu wake ukiingia machoni huunguza vibaya, kwa hiyo akate mtu mzima mwenye kujikinga. Hadi minyaa ikomae, zungusha matawi ya miiba.

Ninyi wa Kondoa, hata hivyo, mna ushahidi kuliko sisi wote. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, ulianza mwaka 1973, na mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 katika eneo lililokuwa limemomonyoka vibaya, nyasi na vichaka vilirudi kwenye makorongo kwa kiasi kikubwa bila kupandwa na mtu. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu yoyote, zungushia uzio kipande kimoja cha kiwanja, usipande kitu, uone masika yataleta nini. Wanaofuata Kisiki Hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki badala ya kupanda miche, wanatumia wazo hilo hilo kwa miti.

SWALI: Je, dughulushi, lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, linaweza kupandwa uani hapa Nzuguni?
*Msomaji, Nzuguni*

JIBU: Uani, hapana, jua la hapa litalimaliza kwa siku chache, kwa kuwa kwao ni miamba yenye kivuli na unyevu wa msituni. Ndani ya nyumba, kwenye chungu karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, linawezekana. Mwagilia udongo, usimwagie majani.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nilifuata ushauri wako nikapanda mlenda wa porini kando ya ukuta, ukapendeza mno. Mama mkwe wangu alikuja kutusalimu kutoka Mvumi, na niliporudi kazini nilikuta ameuchuma wote, nusu umepikwa na nusu umeanikwa. Alinisifu kwa kupanda mboga. Nifanyeje bila kumkosea adabu?
*Mkwe, Kikuyu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako yuko sahihi, na wewe pia. Mlenda ule ndio ambao Wagogo wamekuwa wakiula na ugali wa uwele au mtama, wakiuanika na kuutwanga uwe unga wa kutumia kiangazi, na kuupanda kwa ajili ya maua peke yake kungemshangaza mzee yeyote wa Mvumi. Mimi mwenyewe nisingemzuia.

Gaweni eneo. Sehemu ya karibu na jiko iwe yake, ichumwe ncha za juu kuanzia miche inapofika urefu wa kiganja na kuendelea. Mmea unaochumwa ncha hutoa matawi mengi ya pembeni, na ukiachwa baadaye huchanua kwa wingi zaidi ingawa kwa kuchelewa. Sehemu ya ukutani ifungie kamba na iachwe hadi maganda yakauke mwezi Mei. Mwombe mama mwenyewe akuchagulie mimea ya kubakiza kwa mbegu, ile yenye afya na majani mapana, kwa sababu kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake na atakufundisha kuitambua mapema kuliko ninavyoweza mimi kwa maandishi. Maganda yakianza kuwa kahawia yakate na mashina yake, uyafunge fungu, uyasimamishe ndani ya ndoo kavu kichwa kikiwa chini. Mbegu zitamwagika zenyewe humo ndani kwa siku chache, na utampa mama nusu yake aondoke nazo.